Unapokwama: jinsi ya kuitafuta hatua inayofuata kwa imani ya Kikristo

Mwongozo huu ni kwa ajili ya Mkristo ambaye bado anasali, au angetamani kusali, lakini haoni tena pa kupita. Anaweza kuwa kijana wa Gungu, hapa Kigoma, aliyehitimu chuo na sasa anaishi kwa wazazi huku maombi yake ya kazi hayajibiwi. Anaweza kuwa mama anayeanika dagaa Katonga, ambaye mtaji wake umeliwa na ugonjwa wa mtoto na riba za mkopo. Anaweza kuwa mume ambaye yeye na mkewe wanalala nyumba moja bila kusemezana. Mikwamo hii haifanani, na ndiyo sababu neno moja la kumwambia kila mtu, kwamba aombe tu, mara nyingi humwacha mwenye shida palepale alipokuwa, tena akiwa na lawama mpya ya kudhani kwamba hakuomba vya kutosha.

Ninaufuata mpangilio wa sura ya 19 ya kitabu cha Wafalme wa Kwanza, kwa sababu humo Mungu mwenyewe anamshika mkono mtu aliyekwama na kumtoa hatua kwa hatua. Eliya alikuwa nabii, tena ametoka kushinda pale mlima Karmeli, lakini tishio la Yezebeli lilimkimbiza mpaka Beer-sheba, akamwacha mtumishi wake huko, akaenda jangwani mwendo wa siku moja na kuketi chini ya mretemu akiomba afe. Isome sura yote kwa utulivu kabla ya kuendelea, na ukiweza isome kwa sauti.

Hatua ya kwanza: kula, lala, na usiamue lolote kubwa bado

Jambo la kwanza ambalo Eliya alipewa halikuwa mahubiri wala karipio. Alilala usingizi, malaika akamgusa, akamwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, akala, akalala tena, akaamshwa mara ya pili na kuambiwa ale kwa kuwa safari iliyokuwa mbele yake ilikuwa kubwa kuliko nguvu zake. Mungu hakuona kwamba kuushughulikia mwili ni kupoteza muda, na wewe usione hivyo.

Kwa siku chache za mwanzo, jipangie muda wa kulala unaoweza kuutimiza, kula chakula ulichonacho kwa saa zake hata kama hamu haipo, na ahirisha maamuzi yasiyorudishika, kama kuuza kiwanja, kuacha ndoa, kujiuzulu au kuhama mji. Kuhusu kufunga, naheshimu sana mfungo na sitaki mtu auache, lakini mtu asiyelala, aliyekonda kwa mawazo, mjamzito, au anayetumia dawa za kisukari, shinikizo la damu au VVU, asianze safari hii kwa mfungo wa siku tatu bila maji. Asiache dawa zake kwa sababu ya maombi, hata anayemshauri hivyo akiwa mtumishi wa madhabahuni.

Ikiwa unawaza kufa, au unapanga kujidhuru, hatua ya leo ni moja tu: mwambie mtu unayemwamini kabla jua halijazama, na mfuatane hadi kituo cha afya kilicho karibu au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni. Kuwaza hivyo si ushahidi kwamba umeikana imani. Eliya aliliomba jambo hilohilo kwa kinywa chake, na Mungu hakumfukuza. Huzuni nzito inayodumu kwa majuma na kumnyima mtu usingizi, hamu ya chakula na nguvu ya kufanya kazi ni ugonjwa unaotibika, na daktari anayeutibu anafanya kazi ya Mungu sawa na yule mwenye kuleta mkate na gudulia.

Hatua ya pili: mpelekee Mungu malalamiko kama yalivyo

Waumini wengi tumezoea kuanza sala kwa shukrani hata pale ambapo moyo umejaa uchungu, kana kwamba Mungu ataudhika akisikia ukweli. Zaburi hazina woga huo. Zaburi ya 13 inaanza kwa kumuuliza Bwana atamsahau mtumishi wake hata lini, na Zaburi ya 88 inakwisha gizani bila kufikia neno la furaha, lakini nayo imo ndani ya Biblia na husomwa kanisani.

Chukua daftari la kawaida, tafuta saa ambayo nyumba imetulia, na uandike zaburi yako mwenyewe. Mtaje Mungu kwa jina unalomwitia, iwe kwa Kiswahili au kwa Kiha, lugha ambayo mama alikufundishia kusali. Eleza kilichokupata bila kukipamba. Sema unachomwomba, kwa uwazi unaoweza kupimika, si baraka kwa ujumla. Kisha, kama lipo neno la tumaini, liandike. Kama halipo, acha mstari mtupu na uweke tarehe. Rudia kila siku kwa juma moja. Wapo watakaoona kwamba hawana maneno kabisa, na hao wakumbuke Warumi 8:26, ambapo Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa.

Hatua ya tatu: tambua umekwama kwa namna gani

Pangoni pale Horebu, mlima wa Mungu ambako safari ile ilimfikisha, Mungu alimuuliza Eliya mara mbili: “Unafanya nini hapa, Eliya?” Mwenye kujua yote hakuwa anatafuta habari. Alikuwa anampa nafasi ya kulitaja jambo lake, na ukisoma vizuri utaona kwamba Eliya alijibu kwa maneno yaleyale mara zote mbili, na ndani ya jibu lake mlikuwa na kosa. Alisema amebaki peke yake, kumbe walikuwapo watu elfu saba wasiompigia Baali goti. Aliyekwama mara nyingi husimulia hali yake kwa sentensi moja aliyoirudia mpaka ikawa ukweli kwake, na katika hatua hii unatakiwa uiandike sentensi hiyo na kuikagua neno kwa neno. Ni kweli kwamba “hakuna anayenisaidia”? Ni kweli kwamba “nimejaribu kila kitu”?

Upo mkwamo unaoletwa na hali, usio kosa la mtu. Mwaka 2024, serikali ilipositisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ili samaki wazaliane, kipato cha mvuvi, mbeba mizigo wa mwaloni, mwanikaji na muuza chai wa Kibirizi kilitikiswa kwa wakati mmoja, na hakuna mmoja wao aliyekuwa na sababu ya kujiuliza amemkosea Mungu nini. Mkwamo wa aina hii unahitaji mpango na mshikamano, wala hauhitaji toba.

Upo mwingine unaotokana na jambo baya ambalo mtu analijua na hataki kuliacha au kulitengeneza: fedha ya kikundi iliyotumika kwa siri, uhusiano nje ya ndoa, ulevi, mtoto aliyekataliwa. Huu nao hauondoki kwa kubadilisha kanisa wala kwa mkesha. Unaondoka kwa kuungama, kurudisha kilichochukuliwa, na kukubali matokeo yake, kama Zakayo alivyotangaza kumrudishia mara nne kila aliyemnyang’anya.

Kisha kuna mkwamo wa kushindwa kuchagua, ambapo njia mbili halali ziko wazi na mtu anaogopa kukosea. Hapo mara nyingi hofu hujificha nyuma ya maneno ya kiroho, na mtu husema anangoja ishara wakati ameshapewa akili, Maandiko na washauri. Yakobo 1:5 inaahidi hekima kwa anayeomba, na hekima ni uwezo wa kuchagua.

Lazima pia niseme wazi juu ya jambo linaloumiza watu wengi katika mkoa wetu. Mtu akikwama, jirani humnong’oneza kwamba amefungwa, na kutoka hapo huanza kutafutwa aliyemfunga, ambaye karibu kila mara ni bibi mzee, mke wa kaka au jirani aliyefanikiwa. Mkristo aikatae njia hiyo tangu neno la kwanza, kwa kuwa humtia mtu asiye na hatia hatarini na humwacha mwenye shida na shida yake. Na akitokea mtumishi anayetaka malipo ili akufungue, iwe kwa jina la mbegu, mafuta au maji ya upako, kumbuka kwamba Elisha alikataa zawadi ya Naamani, Gehazi aliyeikimbilia akapata ukoma, na Petro alimkemea Simoni kwa kudhani kipawa cha Mungu kinanunuliwa kwa mali. Sadaka ni tendo la ibada la mtu huru. Inapodaiwa kwa vitisho kutoka kwa mtu asiye na unga ndani, ni unyang’anyi, na huna deni la kuilipa.

Hatua ya nne: soma sehemu nzima, si mstari mmoja

Mstari unaotumwa zaidi kwa watu waliokwama ni Yeremia 29:11, wa mawazo ya amani na tumaini siku za mwisho. Ni ahadi ya kweli, lakini imo ndani ya barua iliyoandikwa kwa watu waliokuwa uhamishoni Babeli, na barua hiyo inawaambia kwanza wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuozesha, wautakie amani mji ule walimofungwa, na kwamba kurudi kwao ni baada ya miaka sabini. Wapo waliokuwa wakiwatabiria kwamba mambo yangekwisha haraka, na Yeremia aliwaita waongo. Anayekushikia mstari wa 11 akaacha wa 5 hadi wa 10 anakupa tumaini bila kazi yake.

Kwa majuma mawili soma kwa utaratibu, sura moja kwa siku: Wafalme wa Kwanza 19, Yeremia 29, Nehemia sura ya 1 na ya 2, Zaburi ya 13, 42 na 88, Ruthu yote, Luka 5, Matendo 16. Mwisho wa kila sura andika jambo moja alilofanya Mungu na jambo moja aliloachiwa mwanadamu kulifanya. Nehemia, kwa mfano, alilia na kufunga mwezi wa Kisleu, lakini alizungumza na mfalme mwezi wa Nisani, yaani miezi kama minne baadaye, na alipoulizwa alikuwa tayari anajua barua anazozihitaji na mbao za kuomba. Maombi yake yalikuwa yamemfanya ajiandae.

Hatua ya tano: usibaki peke yako

Eliya alimwacha mtumishi wake Beer-sheba kabla ya kuingia jangwani, na kuzama kwake kulizidi baada ya hapo. Chagua watu wawili, si kumi. Mmoja awe mwenye wajibu wa kiroho kwako: paroko, mchungaji, katekista, mzee wa kanisa, kiongozi wa jumuiya. Mwingine awe mtu anayelijua jambo lenyewe, kwa maana ya mwalimu aliyestaafu kwa anayetafuta ajira, mfanyabiashara mwaminifu kwa aliyefilisika, wanandoa waliopita katika dhoruba kama yenu kwa wenye mgogoro. Usimchague mtu anayekudai, wala anayefaidika ukibaki ulivyo, wala anayesimulia siri za wengine mbele yako, kwa maana na zako atazisimulia.

Unapokwenda, shika heshima ya kwetu: omba nafasi mapema, usimvizie mzee baada ya ibada watu wakiwa wamesimama. Mwambie, “Baba, nimekuja kuomba ushauri, si fedha,” ikiwa ndivyo ilivyo, maana maneno hayo humfanya atulie na kusikiliza. Nenda na daftari lako. Eleza kwa kifupi, mpe ile sentensi uliyoikagua, kisha umuulize maswali mawili: ni nini nisichokiona, na wewe ungeanzia wapi. Binti au mama anayepeleka jambo la siri kwa kiongozi mwanamume anayo haki ya kufuatana na mwenzake au kukaa mahali pa wazi, na kiongozi mwema hatachukizwa na hilo. Mambo ya kupigwa na kudhulumiwa nyumbani yapelekwe pia kwenye dawati la jinsia na watoto la polisi. Kumtaka mtu avumilie kipigo kwa jina la msamaha si ushauri wa Kikristo.

Hatua ya sita: fanya lililo wazi

Baada ya upepo, tetemeko na moto, sauti ndogo ya utulivu haikumpa Eliya ramani ya maisha yake. Ilimpa kazi: arudi kwa njia aliyoijia, amtie mafuta Hazaeli, amtie mafuta Yehu, na amtie mafuta Elisha awe nabii mahali pake. Ukifuatilia habari hizi kuanzia mwisho wa sura hii hadi Wafalme wa Pili utaona kwamba aliloanza nalo kwa mikono yake mwenyewe lilikuwa la Elisha, aliyemkuta analima. Habari ya Hazaeli ilikuja kupitia Elisha, na Yehu akatiwa mafuta na kijana wa manabii aliyetumwa na Elisha. Mungu hakudai kwamba Eliya amalize yote. Alidai aanze.

Kwa hiyo andika mambo matatu ambayo tayari unajua kuwa ni haki kuyafanya, hata kama hayatatui tatizo lote, na uanze na lile linalowezekana juma hili. Usiombe ufunuo juu ya jambo ambalo amri imeshalitoa. Kama umemkosea ndugu, Mathayo 5:23 na 24 imeshasema uache sadaka yako madhabahuni, uende kwanza ukapatane naye.

Wenye madeni waanze kwa hesabu, kama yule mwenye kutaka kujenga mnara katika Luka 14. Andika kila deni, jina la mdai, kiasi kilichobaki, riba na siku ya kulipa, na uweke juu ile mikopo ya kausha damu kwa sababu ndiyo inayokula mtaji kila siku. Nenda kwa mdai kabla hajaja kwako, umpe kiasi kidogo unachokiweza na tarehe utakayoitimiza. Usikope mahali pengine kulipa riba ya mkopo wa kwanza. Kama una kikundi, au mnaweza kukiunda, uliza kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata juu ya mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Uliza masharti yote kabla ya kusaini, na usijiunge na watu usiowafahamu kwa ajili ya kutimiza idadi tu.

Asiye na ajira achague kazi moja halali inayoweza kuanza sasa, hata ikiwa chini ya cheti chake, na aendelee kutafuta ile aliyoisomea. Paulo alishona mahema akiwa mtume, wala utume wake haukupungua. Mwenye ardhi kidogo Kigoma Vijijini au Uvinza anaweza kupanda michikichi, lakini mchikichi huchukua takribani miaka mitatu au zaidi kuanza kuzaa, hivyo achanganye na mazao ya msimu yatakayomlisha katikati ya hapo. Nayataja haya kwa makusudi, kwa sababu imani isiyogusa chungu na daftari la madeni huishia kuwa wimbo wa Jumapili.

Wanandoa waliokwama waanze na jambo dogo kuliko wanavyofikiri: wakae mezani mara moja kila siku bila simu, waombe sala ya Baba Yetu pamoja, na kila mmoja aseme tukio moja la siku yake. Mazungumzo makubwa yafanyike baadaye, mbele ya wale wawili mliowachagua.

Hatua ya saba: ngoja ukiwa na kazi mkononi

Wavuvi wa dagaa wa ziwa letu huvua kwa taa, na zinapofika siku za mbalamwezi kali taa hizo hazivuti samaki, hivyo mitumbwi hubaki nchi kavu. Lakini ukipita mwaloni siku hizo utawakuta wanashona nyavu, wanaziba mitumbwi na kutengeneza taa, maana giza likirudi hakuna atakayepata nafasi ya kushona. Kungoja kwa Kikristo ni kwa namna hiyo: huwezi kuamuru mwezi uzame, lakini wavu uliotoboka ni wako.

Milango ikifungwa mfululizo, isome Matendo 16 tena. Paulo na wenzake walikatazwa na Roho kulihubiri neno katika Asia, wakajaribu kwenda Bithinia wakazuiliwa, wakateremka hadi Troa bila kujua kwa nini. Hawakuketi njiani wakisubiri maelezo; waliendelea na njia iliyobaki, na Troa ndiko maono ya mtu wa Makedonia yalikotokea. Zingatia pia kwamba mlango huo uliofunguka uliwapeleka kwa Lidia aliyewakaribisha nyumbani, na baadaye kidogo ukawapeleka gerezani Filipi wakiwa wamepigwa kwa bakora. Ugumu baada ya kuchukua hatua hauthibitishi kwamba ulikosea njia, kama vile wepesi usivyothibitisha kwamba ulipatia.

Weka siku arobaini tangu siku uliyoanza hatua ya sita, na uandike tarehe ya mwisho kwenye jalada la daftari. Siku hiyo ikifika, rudi kwa wale watu wawili na msome pamoja kurasa zote tangu zaburi ya kwanza: ni lipi kati ya yale matatu limefanyika, ni sala gani imejibiwa kwa namna usiyoitarajia, ni sentensi gani uliyoiandika mwanzo ambayo sasa unaona haikuwa kweli. Lililofanyika lifute kwa mstari, na mahali pake andika lingine. Lililoshindikana mliangalie pamoja, kama ni la kurudia, la kubadilisha au la kuachia mtu mwingine kama Eliya alivyomwachia Elisha. Kama hakuna lililosogea kabisa na mwili bado ni mzito, rudi hatua ya kwanza, na safari hii mfuatane na mmoja wa hao wawili hadi kwa daktari.